Kavumu Maji Hayachemki kwa Nyuzi 100

Kitabu cha fizikia kinasema maji safi huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi. Mwanafunzi wa Kavumu huliandika jambo hilo daftarini, hulikariri, na siku ya mtihani hulijibu akapata alama zake. Lakini akibandika sufuria ya maji hapo hapo Kavumu, akangoja mpaka yatokote kweli kweli, kisha akatumbukiza kipimajoto, atakiona kimesimama karibu na 94. Aongeze makaa, apepee moto mpaka mkono uchoke: hakipandi tena.

Kipimajoto si kibovu. Kavumu, mji mdogo wa Kabare nchini Kongo, ulio kilomita kama 30 kaskazini mwa Bukavu, uko juu sana. Uwanja wa ndege wenye jina la mji huo uko mita 1,720 hivi kutoka usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi. Mgandamizo wake umepungua kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ule wa Mombasa au Dar es Salaam, na maji hayahitaji joto jingi ili kuushinda na kuanza kutokota. Kanuni ya kukadiria ni nyepesi: kila ukipanda mita 300, kiwango cha kuchemka hushuka karibu nyuzi moja. Gawanya 1,720 kwa 300, unapata karibu sita. Toa sita kwenye 100. Ndiyo sababu mojawapo ya maharagwe, chakula cha kila siku cha Kivu, kukaa motoni muda mrefu kuliko pwani, na makaa kuisha kabla mama wa nyumba hajamaliza kupika.

Kitabu hakikudanganya. Kinazungumzia maji yaliyo kwenye usawa wa bahari, ila sharti hilo hupotea njiani kati ya kitabu na ubao. Mtoto anabaki na namba isiyo ya kwao, na hakuna anayemwambia kwamba ana haki ya kuipima.

Hapo ndipo mjadala wa ubunifu katika kufundisha sayansi na hisabati unapopaswa kuanzia. Neno ubunifu limezoeleka kuhusishwa na nyimbo, michoro na maigizo, na wapo wanaodhani kwamba kuliingiza katika somo la hisabati ni kuwafundisha watoto kuimba jedwali la kuzidisha. Kuimba si kubaya, lakini mtoto anayeimba bado anakariri. Ubunifu wa sayansi ni kazi nyingine: kuona jambo lisilolingana na maelezo yaliyopo, kubuni sababu zinazoweza kulieleza, kisha kutafuta njia ya kuzipima sababu hizo moja moja mpaka ibaki ile isiyoangushika. Sehemu ya kubuni na sehemu ya kupima haziachani. Mwanafunzi anayebuni bila kupima anatunga hadithi, na anayepima bila kubuni anafuata maelekezo tu.

Chukua sufuria ile ile. Mwalimu asiyetaka kulitoa jibu mapema huwaambia kwanza wanafunzi waandike namba wanayoitarajia. Wote wataandika 100. Kisha wanapima, wanaona 94, na darasa linalipuka. Mmoja atasema kipimajoto kimeharibika. Basi kiletwe kingine. Wa pili atasema maji ya bomba yana uchafu. Basi yachemshwe ya mvua. Wa tatu atalaumu moto mdogo, na dawa yake ni makaa zaidi. Mwingine atakumbuka chumvi, nayo ikitiwa itapandisha kiwango kidogo, jambo ambalo lenyewe linafungua somo lingine. Sababu zikishaanguka zote, atatokea mwenye ndugu Uvira. Mji huo uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita kama 775 tu juu ya bahari, na kwa kanuni ile ile maji yanapaswa kuchemka huko karibu na nyuzi 97 na nusu. Simu moja kwa binamu mwenye kipimajoto inatosha. Namba ya Uvira ikikaa kati ya ile ya Kavumu na ile ya kitabuni, darasa limefanya sayansi, na gharama yake ni makaa na muda wa maongezi.

Si kwamba Kavumu iko mbali na sayansi. Kilomita chache kutoka mjini kuna Lwiro, kituo cha utafiti kilichokuwa makao ya taasisi ya IRSAC, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947. Leo kinaitwa CRSN, yaani Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, na kimesimama pembeni ya Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, makao ya sokwe wakubwa wanaojulikana duniani kote. Matetemeko ya ardhi, mimea, samaki, lishe: vyote vimechunguzwa hapo. Tangu mwaka 2002 pana pia kituo cha kuwatunza sokwemtu na nyani waliookolewa kutoka kwa wawindaji na wafanyabiashara.

Katika yote yaliyotokea Lwiro, moja lingestahili kuingizwa katika kila kitabu cha biolojia cha Kongo. Miaka ya 1960, madaktari waliofanya kazi na kituo hicho, akiwemo Mbelgiji François Delange, walikuwa wakichunguza ugonjwa wa rovu katika kisiwa cha Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu. Maelezo ya vitabuni yalikuwa wazi: rovu hutokana na upungufu wa madini ya iodini katika chakula. Walipopima, wakakuta upungufu huo uko kisiwa kizima. Lakini kaskazini mwa kisiwa watu wengi walikuwa na rovu, na kusini-magharibi walikuwa wachache.

Mtafiti mvivu angeandika kwamba upungufu wa iodini umethibitishwa, akafunga faili. Hawa waliuliza swali lililobaki: kama sababu ni ile ile, mbona matokeo si yale yale? Swali hilo liliwapeleka jikoni, na huko wakaukuta muhogo. Muhogo una kemikali ambazo, usipoandaliwa vizuri, huacha sumu ya sianidi mwilini. Mwili huigeuza sumu hiyo kuwa thayosaineti, na thayosaineti huizuia tezi ya shingo kunyonya hata ile iodini kidogo iliyopo. Basi si upungufu peke yake. Ni upungufu ukikutana na chakula. Utafiti huo ulisaidia kubadilisha fikra za madaktari mbali kabisa na Ziwa Kivu, nao ulianza na watu walioona tofauti kati ya pande mbili za kisiwa kimoja na wakakataa kuipuuza.

Afrika Mashariki ina mfano mwingine, maarufu zaidi, nao ni wa mwanafunzi. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa haba na Mpemba akaogopa kuikosa, akayaingiza ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa yamepoa. Alipouliza sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa likaigeuza kuwa utani wa kila kosa.

Hakunyamaza. Profesa Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipoitembelea shule hiyo, Mpemba alilisimamisha swali lake mbele ya wote: kwa nini maji ya nyuzi 100 yaliwahi kuganda kuliko ya nyuzi 35? Wenzake walicheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha makala pamoja katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia. Tangu hapo dunia inaliita jambo hilo athari ya Mpemba.

Wengi huusimulia mkasa huu na kuishia hapo kwa shangwe, na huko ni kuupunguzia utamu. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza zawadi kwa atakayetoa maelezo bora ya athari hiyo, na majibu zaidi ya 20,000 yakamiminika. Miaka minne baadaye watafiti wawili, Burridge na Linden, walipima upya kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi kwamba maji ya moto hupoa haraka kuliko ya baridi. Wakaonyesha kuwa hata kusogeza kipimajoto kidogo ndani ya chombo kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Ubishi haujaisha. Huenda mwalimu wa Mkwawa alikuwa karibu na ukweli kuhusu maji kuliko tunavyopenda kukiri. Alichokosea ni kumjibu mwanafunzi kwa kejeli pale ambapo jokofu na vikombe viwili vingetosha.

Hisabati ina sifa mbaya kuliko fizikia. Inaonekana haina nafasi ya kubuni: mbili na mbili ni nne Kavumu, Uvira na Paris. Lakini mwaka 1905 mtafiti Emil Torday, mzaliwa wa Hungaria, alipokuwa kwa Wabushoong wa ufalme wa Kuba, Kasai, alikuta watoto wameinama mchangani wakichora mitandao ya mistari. Walimpa changamoto: achore umbo moja kwa mstari usiokatika, bila kuinua kidole wala kupita njia moja mara mbili. Aliona haiwezekani. Wao waliweza.

Hilo ndilo swali alilolishughulikia Leonhard Euler mwaka 1736, kuhusu madaraja saba ya mji wa Königsberg, na majibu yake yakazaa tawi zima la hisabati ambalo leo hutumika kupanga mitandao ya simu na safari za malori. Siri yake mtoto wa darasa la tano anaweza kuigundua mwenyewe akipewa muda. Mwache achore mraba, kisha aunganishe pembe kwa pembe kwa mistari miwili inayokatana katikati. Hata ajaribu mara ngapi, hawezi kuuchora bila kuinua kidole. Sasa aongeze paa la pembetatu juu ya mraba huo, upate sura ya nyumba. Ghafla inawezekana, mradi aanzie pembe moja ya chini! Umbo limekuwa gumu zaidi kwa macho lakini jepesi kwa kidole. Kwa nini? Ahesabu mistari inayokutana katika kila pembe. Kwenye mraba, pembe zote nne zina mistari mitatu mitatu. Kwenye nyumba, zimebaki pembe mbili tu zenye idadi isiyogawanyika kwa mbili, zile za chini, nazo ndizo mwanzo na mwisho wa safari. Mtoto aliyeliona hilo kwa kidole chake, akalijaribu kwenye maumbo mengine kumi aliyoyabuni, ameonja uthibitisho wa hisabati kabla hajalisikia neno lenyewe.

Kivu ya Kaskazini nayo ina mfupa wa Ishango. Aliuchimbua Mbelgiji Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale Mto Semliki unapotoka Ziwa Edward. Una miaka kama 20,000, urefu wa kama sentimita 10, na umechanjwa chale zilizopangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya chale 11, 13, 17 na 19, ambazo ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Jumla yake ni 60. Jumla ya safu nyingine pia ni 60, na ya tatu ni 48. Wapo wanaoiona hapo kalenda ya mwezi, wapo wanaoona kifaa cha kuhesabia, na wapo wanaosema chale ziliwekwa ili mfupa usiteleze mkononi. Mfupa wenyewe umehifadhiwa Brussels. Namba zake, hata hivyo, zinaandikika ubaoni Kavumu, na kuwaachia wanafunzi waitetee nadharia mojawapo dhidi ya wenzao ni zoezi zuri kuliko kuwaambia tu kwamba hisabati ilizaliwa kwao. Fahari bila hoja haimfundishi mtu hesabu.

Wala si lazima kurudi nyuma miaka elfu. Sokoni, maharagwe na unga hupimwa kwa kopo, na muuzaji mwenye moyo hujaza mpaka kinasimama kichuguu juu ya ukingo. Kichuguu hicho ndicho matabishi ya mteja. Ni kiasi gani? Tuseme kopo lina kimo cha sentimita 12 na kichuguu kimepanda sentimita 3. Kichuguu kina umbo la pia, na ujazo wa pia ni theluthi ya ule wa mcheduara wenye kitako na kimo sawa nayo. Kwa hiyo kichuguu cha sentimita 3 ni sawa na sentimita 1 ya kopo, yaani moja ya kumi na mbili. Anayenunua makopo 12 yaliyojazwa hivyo amepewa kopo zima la bure, na muuzaji anayepangusa juu kwa kiganja anajua vizuri anachokifanya. Theluthi ile, ambayo kwenye kitabu hudondoka kama sheria ya serikali, inaweza kuhakikishwa kwa karatasi iliyokunjwa kwa umbo la pia na unga wa kumwaga: pia tatu hujaza mcheduara mmoja.

Kama mambo ni rahisi hivi, kwa nini hayafanyiki kila siku?

Walimu hawapaswi kubebeshwa lawama yote. Tangu mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure katika shule za umma, watoto waliokuwa nyumbani walifurika madarasani, jambo jema kabisa, lakini madawati na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mtoto huongea Mashi nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha hutakiwa kuuliza swali lake kwa Kifaransa. Wengi huona heri wanyamaze. Mwisho wa sekondari unamngoja mtihani wa taifa, Exetat, ulioanza mwaka 1967, ambao kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Mtihani wa namna hiyo hauna pa kuandika kwamba Kavumu ni 94. Juu ya hayo yote imekuja vita. Februari 2025, waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu kisha Bukavu yenyewe, shule zikafungwa, na kwa familia nyingi swali la kwanza likawa usalama.

Kwenye karatasi, mwelekeo umebadilika. Baada ya sheria ya elimu ya Februari 2014, mitaala mipya ya sayansi na hisabati iliandikwa kwa kuanzia na hali halisi ya maisha: somo linafunguliwa kwa tatizo, na kanuni inafuata. Ni hatua ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba hali iliyoandikwa kitabuni kwa ajili ya nchi nzima hugeuka haraka kuwa kitu kingine cha kunakili. Hali ya Kavumu inabidi ibuniwe Kavumu, na mwalimu apewe ruhusa ya kweli kufanya hivyo, si waraka tu.

Wanaosema haiwezekani bila maabara wamtazame Bruda Peter Tabichi wa Kenya, mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya sekondari ya Keriko, kijijini Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na viziwi kupima vitu, na wengine walitambuliwa kimataifa kwa kuzalisha umeme kutokana na mimea ya hapo hapo. Mwaka 2019 alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Tuzo isimfiche mtu jambo moja: alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi. Mfumo unaotegemea watu wa namna hiyo hautafika mbali.

Lipo jaribio moja ambalo halihitaji mshahara wa mtu. Kavumu iko nyuzi 2.3 kusini mwa ikweta, na mara mbili kwa mwaka jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wake. Mara mojawapo ni kati ya tarehe 27 na 30 Septemba, muhula ukiwa ndiyo kwanza umeanza. Fimbo iliyosimama wima, ikihakikishwa kwa kamba na jiwe, hukosa kivuli kabisa au hubaki na kipande kisichofika sentimita moja. Siku hiyo hiyo Lubumbashi, mji ulio karibu kusini moja kwa moja, fimbo ya mita moja hutoa kivuli cha sentimita 16 na nusu hivi, sawa na pembe ya nyuzi 9.4. Kutoka kaskazini kwenda kusini, miji hiyo imetengana kwa kilomita kama 1,040. Pembe hiyo huingia katika duara la nyuzi 360 mara 38 na zaidi kidogo. Zidisha kwa 1,040, na mzunguko wa dunia unatokea: kilomita 40,000 hivi. Eratosthenes alifanya hesabu ya aina hiyo Misri zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mwanafunzi mjanja atapinga kwamba ramani iliyotoa zile kilomita 1,040 tayari imechorwa na watu waliojua ukubwa wa dunia, na mwalimu ampe alama kwa pingamizi hilo.

Basi, mwalimu wa Kavumu au wa Lubumbashi unayesoma haya: tafuta mwenzako wa upande wa pili, mpeane namba za simu, na kila mmoja asimamishe fimbo ya mita moja uwanjani mwa shule yake kuanzia saa tano na nusu asubuhi, akipima kivuli kila dakika tano mpaka kiwe kifupi kuliko vyote. Mawingu ya Septemba yakiharibu, jua litapita tena juu ya Kavumu katikati ya Machi.